Mwaka Nilioilaza Pemba Ubavu

Khitma ya Mzee Faki ilisomwa Jumamosi iliyopita katika ukumbi wa kukodi kule Lewisham, nami nilichelewa kwa sababu treni ilisimama njiani na hakuna aliyetueleza kwa nini. Nilipopanda ngazi, kisomo kilikuwa kimekwisha na wanawake wameshaanza kupakua pilau kwenye sahani za karatasi. Hata koti sijavua, mjukuu wake mmoja, msichana aliyezaliwa hapa hapa London, akanijia na simu mkononi. "Auntie, sorry, wewe ndiye uliyemjua Babu zamani? Wanataka place of birth kwenye zile forms. Mama anasema Pemba, Uncle anasema Wete, passport imeandikwa Zanzibar. What do I put?" Nikamwambia aandike Wingwi, Wilaya ya Micheweni, Pemba. Nikamtajia herufi moja moja, na kwa kuwa siwezi kujizuia nikaongeza kwamba Wingwi iko upande wa maweni, ambako ardhi ni jiwe na mkarafuu haukubali, ndiyo maana babu yake alipelekwa shule badala ya shamba. Akatabasamu kama vijana wanavyotabasamu shangazi mtu akianza hadithi zake, akaenda zake. Nikabaki na sahani yangu nikijishangaa. Mimi niliondoka Pemba nina miaka minne. Mpaka natimiza kumi na tisa, ungeniuliza Pemba iko upande gani wa Unguja ningekujibu kwa kubahatisha. Yote ninayoyajua juu ya wilaya ile niliyapata ndani ya mwaka mmoja, katika chumba kimoja cha Tottenham, na niliyapata kwa sababu nilimtia mtu matatani.

Chumba hicho kilikuwa ghorofa ya nne kwenye majengo ya halmashauri, lifti yake ikifanya kazi pale ilipojisikia. Mwenye nyumba alikuwa Dada Asha, aliyekuwa akihudumia wazee majumbani mwao, na zamu zake zilitufanya tuzungumze zaidi kwa vikaratasi vya kwenye friji kuliko kwa midomo. Nilikuwa nimepanga chumba chake cha nyuma na nikisomea jiografia chuoni, nikijiona mjuzi wa dunia nzima: nilikuwa na dira ya plastiki, rula ndefu, seti ya kalamu za rangi, na cheti cha mwalimu kunisifu kwa kuchora mito ya Uingereza. Mwezi wa pili wa mwaka huo Dada Asha akaniambia shangazi yake anakuja kutoka Pemba kuomba hifadhi, na kwamba hakuna pa kumlaza ila kwangu. Kitanda cha pili kikaingizwa, ukutani kukabandikwa mshale wa karatasi ya kijani kuonyesha kibla, ukielekea pembe ya dirisha, zilikopita treni. Ndivyo nilivyompata Bi Mize, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye visigino vilivyopasuka kwa maji ya chumvi, maana kwao Tumbe alikuwa akilima mwani. Yaliyomtoa huko ni yake, na aliniomba zamani nisiyaandike.

Siku hizo Kiswahili nilikuwa nakisikia lakini sikijibu. Bi Mize alinisemesha kwa Kipemba chake, mimi nikamrudishia Kiingereza nilichokitilia chumvi ya maneno mawili matatu ya nyumbani, na kwa namna nisiyoielewa tukafahamiana. Alinicheka sana. "Weye mwana wa wapi, unasema 'mimi ni njaa'? Njaa gani inayovaa jinzi?" Alikuwa mpishi ambaye hakupima kitu. Dada Asha akinunua pweza wa barafu kwenye duka la barabara kuu, Bi Mize alimgeuzageuza yule pweza mkononi, akamwuliza ametoka bahari gani, kisha akampika kwa nazi ya kopo huku akililalamikia kopo lenyewe. Nami nilikaa kwenye kigoda cha jikoni na daftari la chuo mapajani, nikijitia ninasoma, kumbe namsikiliza akizungumza na Dada Asha kupitia mlango: nani kaolewa Msuka, nani kahamia Konde, kisima gani kimeingia chumvi. Majina yale yalinivutia kuliko mito yangu yote. Nilikuwa nayaandika pembeni mwa kurasa, bila kujua yanahusiana vipi, na kila jina lilinifanya nitake kujua la pili yake.

Wakili wake, mwanamke kijana mwenye ofisi ndogo juu ya duka la nyama, alitaka maelezo ya maandishi kabla ya mahojiano na ofisi ya serikali. Mkalimani wa kweli asingepatikana mapema. Nikajitolea. Ningekuwa na adabu zaidi ningesema Kiswahili changu hakitoshi, lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa na ile dira. Tulikaa chumbani jioni moja, yeye juu ya kitanda chake, mimi sakafuni. "Tumbe iko pwani," alisema. "Bahari iko kibla ya mji. Micheweni iko matlai. Ukenda suheli moja kwa moja, hiyo ndiyo njia ya mjini Chake." Nikamwuliza, "Kibla, you mean that way?" nikiuonyesha mshale wa kijani. Akaniangalia kwa mshangao. "Ee, kibla. Kwani kibla ziko ngapi?" Nikatoa dira, nikaiweka chini ya mshale, nikasoma: kusini-mashariki. Matlai sikuijua, nikamwuliza ni mkono gani mtu akielekea kibla, akainua mkono wa kulia. Suheli ni nyuma, akasema. Nikapiga hesabu zangu kwa furaha kubwa, nikaandika kwa Kiingereza safi kwamba bahari iko kusini-mashariki ya kijiji cha Tumbe, Micheweni iko kusini-magharibi, na barabara ya Chake inakwenda kaskazini-magharibi. Nilikumbuka hata kuongeza "kwa makadirio". Bi Mize aliweka sahihi chini ya kila ukurasa, herufi kubwa zenye kutetemeka, akanishika shavu akaniambia Mungu anibariki.

Majibu yalikuja mwezi wa tano, bahasha nene. Nilisimama jikoni nikaisoma, naye amesimama mbele yangu na mikono yenye unga, anasubiri. Barua ilisema ombi limekataliwa. Ilisema mwombaji hatoki Tumbe wala hatoki wilaya ile, bali yaelekea ni mtu wa sehemu nyingine ya pwani aliyefundishwa majina ya vijiji, kwa sababu yeyote aliyeishi pale angejua kwamba bahari iko kaskazini. Barua iliandika north; neno kaskazini nilikuwa nimewahi kulisikia, lakini sikuwa na hakika kama ndilo lenyewe, na kwenye karatasi zangu za chuo north siku zote iko juu. Nikamwambia: "Wanasema bahari haiko ulikosema. Wanasema iko juu."

"Juu?" akasema. "Juu ya nini?"

"Just... juu. Wanasema umekosea."

"Nimekosea bahari?"

Nami niliamini kwamba labda amekosea. Alirudi kwenye unga wake, akaukanda, akausahau, tukaukuta asubuhi umekauka bakulini. Tangu siku hiyo alibadilika, na mimi nililala na mabadiliko yake chumba kimoja. Aliacha kutaja vijiji. Dada Asha akimwuliza fulani ni wa wapi, alisema, "Sijui, mwanangu, mie nshasahau mambo." Siku moja nilimkuta akijisemea mbele ya dirisha, akinyoosha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, taratibu, kama mtoto anayejifunza kuvaa viatu. Miaka na miaka alikuwa ameshuka pwani kila bamvua, maji yanapotoka mbali, kufunga mwani wake kwenye kamba, na sasa kuna watu wenye muhuri wanamwambia maji hayakuwa pale. Aliogopa kurudishwa, hilo lilikuwa wazi. Kilichomtafuna zaidi ni kwamba alianza kuwaamini.

Wakili akakata rufaa, akasema itasaidia tukichora ramani ya kijiji na wilaya kutoka kichwani mwa Bi Mize, kitu cha kumwonyesha jaji kwamba mama huyu anapajua kwao. Kazi nikapewa mimi, na nilifurahi mno. Bi Mize hakutaka. Nilimbembeleza kwa chai ya tangawizi, nikambembeleza kwa maswali ya kijinga, mpaka siku moja nikamwuliza kama kijijini Maziwa Ng'ombe kuna ng'ombe wengi, akacheka bila kupenda. "Mawe ndiyo mengi," akasema, na hapo akaanza. Majira yote ya joto tulifanya kazi hiyo, dirisha wazi, treni zikipita, karatasi zimetandazwa juu ya kitanda changu. Aliniambia jinsi wilaya ilivyogawanyika mara mbili bila serikali kuigawa: upande mmoja udongo mwekundu na mikarafuu, Konde na kwingineko, watu wake wakijiona wao ndio wenye nchi, upande wa pili jiwe, ambako mtu hupanda muhogo na mtama kwenye vifuko vya udongo vilivyo baina ya mawe na kuiangalia bahari kwa chakula kilichobaki. Aliniambia kuhusu msitu wa Ngezi, unaopitwa kwa mwendo wa haraka na bila kuita watu kwa majina, na popo wake wakubwa. Aliniambia kuhusu mnara wa taa wa chuma kule Kigomasha, ncha ya kisiwa, na magofu ya Chwaka karibu na kwao, msikiti wa kale na makaburi ambayo hakuna anayejua sawasawa wamelala kina nani. Pwani ya Tumbe aliijua kwa hatua. Aliniambia pa kukanyaga na pasipokanyagwa, wapi kuna mchanga mgumu, wapi kuna matope ya magoti, wapi wanawake wa familia gani walichomeka vigingi vyao. Nilipomwuliza mbona hakuna ramani yenye vitu hivyo, alisema wachora ramani walikuja maji yakiwa yamejaa.

Jumapili alikuwa akija Mzee Faki. Alipanda treni na basi kutoka Lewisham akiwa na mfuko wa muhogo, mzee nadhifu mwenye tai, aliyekuwa karani wa wilaya kabla ya kuja huku, na aliipenda wilaya yake kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Kwa Bi Mize wilaya haikuwa kitu. "Zama za mudiri," Mzee Faki alikuwa akianza, akimaanisha wale watawala wa zamani wa kila sehemu, "mambo yetu yote yalikuwa Wete. Cheti Wete, kesi Wete. Baadaye ndio tukapata wilaya yetu wenyewe, ofisi yetu wenyewe." Bi Mize akimimina chai kikombeni bila kumtazama. "Ofisi mlipata nyie. Sie tulipata foleni." Mzee alimtajia mipaka ya kila shehia, vile vipande vidogo vya wilaya, naye Bi Mize alimwambia mpaka huo anaoutaja umepita katikati ya jiko la dada yake na dada yake hajawahi kuambiwa. Nilikuwa nacheka mpaka chai inanitoka puani. Kuhusu barua ya kukataliwa, Bi Mize hakumruhusu aulize. Alimwambia tu kwamba hawakumwamini, akabadilisha mazungumzo, kwa sababu aliona haya mbele ya mtu wa kwao. Nami ramani sikumwonyesha, nikitaka imalizike kwanza nimpe mshangao.

Ramani yenyewe ilikuwa inanitia wasiwasi. Kila kijiji nilikiweka kwa dira: kibla kusini-mashariki, kulia kusini-magharibi, na kadhalika. Kaskazini juu, kama nilivyofundishwa. Ncha ya kisiwa ikaangukia ukingo wa kulia wa karatasi. Konde ikaelea huko juu, na barabara ya Chake ikapanda kushoto kama inakwenda kusikojulikana. Nilidhani ndivyo visiwa vilivyo.

Jumapili moja ya mwezi wa nane Dada Asha alimpeleka Bi Mize hospitali kupimwa presha, na Mzee Faki akanikuta peke yangu, kazi imetandazwa. Hakukuwa na pa kuificha. Alivaa miwani, akainama, akaifuata barabara ya Chake kwa kidole. Kisha akaanza kutikisika mabega.

"Umeilaza Pemba ubavu, mwanangu," akasema. "Kwani imechoka?"

Nikaudhika. "Ndivyo alivyosema yeye. Bahari iko kibla."

"Na kweli iko kibla."

"So, south-east. I measured it."

Akaacha kucheka. "Ulipima wapi?"

"Hapa. Chumbani."

"Ah," akasema. Akavua miwani, akakaa kwenye kitanda cha Bi Mize. "Skiza. Makka iko juu yetu kabisa kule kwetu, mstari ulionyooka. Mtu wa Pemba akiswali anaelekea kaskazini. Kwa hiyo mzee wa kwetu hasemi kaskazini, kaskazi ni upepo. Anasema kibla. Mashariki anasema matlai, kusini anasema suheli, kwa ile nyota. Akikwambia bahari iko kibla ya mji, kakwambia iko kaskazini. Weye ndiye uliyehama ukaja Tottenham. Kibla ya Tumbe haikuhama."

Nilimwomba asimwambie Bi Mize kitu mpaka nihakikishe, na niliapa kwamba nitamwambia mwenyewe. Akakubali kwa shingo upande.

Kesho yake nilichukua karatasi ya kuokea mikate ya Dada Asha, ile inayopenyeza mwanga, nikainakili ramani yangu juu yake kwa kalamu nyeusi, nikaenda maktaba kubwa ya katikati ya jiji ambako nilikuwa nimesikia wana ramani za kila mahali. Walinipa meza, wakanipa ramani ya Pemba ya zamani, kubwa kama kitambaa cha meza, na kalamu yangu ya wino wakaninyang'anya kwa heshima wakanipa ya risasi. Niliweka karatasi yangu juu ya ile ramani, nikaweka ncha ya kidole kwenye Tumbe ili Tumbe zikae pamoja, nikaanza kuizungusha. Ilizunguka, na kwa muda hakuna kilichokutana na kitu. Nikaendelea, theluthi moja ya duara. Na hapo vijiji vikaingia. Micheweni ikakaa juu ya Micheweni. Konde ikakaa juu ya Konde. Barabara ya Chake ikalala juu ya barabara, msitu juu ya msitu, ncha ya Kigomasha pembeni kabisa ilikostahili, na ghuba ya Tumbe ikafunguka kaskazini kama alivyosema tangu siku ya kwanza. Mwanamke asiyewahi kushika ramani alikuwa ameichora wilaya nzima kutoka kitandani, na kosa lake halikufika hata upana wa kidole. Nilifurahi sana kwa dakika moja nzima, furaha ya kweli ya mtu aliyegundua kitu. Baada ya dakika hiyo nikakumbuka ni nani aliyeandika kusini-mashariki. Nilijionea haya hadi masikio yakawa ya moto, nikawa nazungushazungusha karatasi ile bila sababu mpaka mwenye chumba akaja kuniuliza kama nimemaliza.

Wakili nilimwambia. Alifungua nakala ya mahojiano tukaisoma pamoja. Bi Mize aliulizwa bahari iko upande gani, akajibu kibla. Mkalimani wa siku hiyo, mtu asiye wa pwani, akasema ni upande wanaoelekea Waislamu wakiswali. Afisa akatazama karatasi yangu yenye kusini-mashariki, akaona imelingana na kibla ya London, akaandika kwamba mwombaji mwenyewe amethibitisha kusini-mashariki. Wakili alisema nitalazimika kusimama mbele ya jaji kueleza kosa langu mwenyewe, na kesi yote sasa imesimama juu ya hilo. Kisha akauliza kama nimemwambia mama mwenyewe. Nikasema ndiyo.

Sikumwambia. Nimejaribu miaka yote hii kutafuta sababu nzuri na sijaipata. Kila asubuhi nilijiambia leo, na kila asubuhi alikuwa amenichemshia yai. Nilikuwa nimezoea kuwa yule mtoto msomi wa nyumba ile, na nilijua nikifungua mdomo nitakuwa kitu kingine. Mzee Faki alipiga simu kila wiki: "Umeshamwambia?" "Bado, Mzee, kesho." Mwishowe akaacha kuuliza, na hiyo iliniuma zaidi. Wakati huo huo Bi Mize alizidi kufifia. Alianza kumwuliza Dada Asha mambo madogo madogo, kama jana tulikula nini, kwa ajili tu ya kuhakikisha. Nilikuwa na dawa yake mfukoni miezi mitatu na sikuitoa.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa kumi na moja, katika chumba chenye zulia na taa nyingi, juu ghorofani. Jaji alikuwa Mwingereza mzee mwenye mafua. Mkalimani wa korti, mwanamume Mkenya mwenye sauti ya upole, alikaa karibu na Bi Mize akimnong'onezea kila kilichosemwa. Nilipoitwa nilitandaza ramani ya maktaba, ambayo wakili alikuwa ameipatia nakala, nikaweka karatasi ya kuokea juu yake, nikaizungusha mbele ya jaji kama nilivyofanya siku ile. Nilieleza kibla. Nilieleza dira na chumba. Nilisema kwa Kiingereza kwamba yeye alisema kweli na mimi ndiye niliyekosea, na nyuma yangu nikayasikia maneno yangu yakirudi kwa Kiswahili, moja baada ya jingine: "Anasema bibi alisema kweli. Anasema yeye ndiye aliyekosea kuandika." Mwakilishi wa serikali akaniuliza nimelijua hili tangu lini. Nikasema tangu mwezi wa nane. "Tangu mwezi wa nane," mkalimani akamwambia.

Kiti kikasogea. Bi Mize alikuwa amesimama, jambo ambalo hakutakiwa kufanya. Hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia jaji.

"Kwa hiyo bahari iko pale pale?" akauliza.

Jaji akataka kujua amesema nini. Mkalimani akasimama naye, akakohoa, akamweleza kwamba bibi anauliza kama bahari bado iko mahali pake. Jaji akapangusa pua. Akaiangalia ile karatasi yangu juu ya ile ramani, akaigusa kwa kidole, akasema, "Mwambie naiona hapa."

Kwenye basi la kurudi hakunisemesha, wala kwenye ngazi, na lifti siku hiyo ilikuwa imekufa. Aliingia jikoni na koti lake, akawasha jiko, akakata kitunguu. Nilisimama mlangoni nikamwomba radhi, kwa mara ya kwanza kwa Kiswahili kitupu, na kilinitoka vibaya, ngeli zote zimepindana. Alinisikiliza mpaka mwisho. "La ofisi nimekusamehe," akasema. "Mtu hukosea. La kuniacha miezi mitatu nikidhani nimeingia wazimu, hilo bado." Akanipa sahani yangu kama kawaida. Nilikula huku nalia, naye hakunizuia.

Barua ya jaji ilifika mwezi wa kwanza, asubuhi, Dada Asha yuko kazini. Kurasa saba. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho nikamwambia rufaa imekubaliwa, anaruhusiwa kukaa. Akasema alhamdulillahi, akajipangusa uso kwa viganja viwili, akakaa kwenye kigoda. Nilidhani yamekwisha. Akasema, "Sasa soma na mwanzo." Nikasoma na mwanzo, neno kwa neno, nikiligeuza kila neno kwa Kiswahili, kwa uangalifu kama mtu anayebeba mayai, na pale nisipojua neno nilimwambia silijui. Ukurasa wa nne jaji ameandika kwamba ameridhika kuwa bahari iko kaskazini ya kijiji cha Tumbe, upande ambao mama huyu anauita kibla, na kwamba ndivyo alivyosema tangu mwanzo.

Akainua mkono. "Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Akavuta kigoda karibu, akaniambia nisome tena, polepole, naye akawa anazifuata kwa kidole zile herufi za Kiingereza asizozijua, akiuliza lipi hapa ni Tumbe. Nilipomwonyesha, akaweka kidole juu yake, akakiacha hapo.